Hivi Akili ni Nini Hasa? Malalamiko ya Msoma Vibonzo

Bumu limechelewa tena, kwa hiyo wiki hii nakunywa chai kavu na kuwaza. Ninachowaza ni hiki: nani alituambia kwamba mtu mzima anayesoma vibonzo ana upungufu wa akili? Na huyo mtu, akili yenyewe aliipima kwa rula gani?

Kwa wasionijua, mimi nasomea ualimu, mwaka wa tatu, na vibonzo ni ugonjwa wangu tangu darasa la pili. Pesa ikiingia, siku ya kwanza nalipa deni la mama ntilie, siku ya pili nimo kwenye daladala kwenda Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chakavu chini kando ya barabara. Wenzangu pale wanachagua vitabu vya kufundisha utajiri. Mimi nachuchumaa napekua Sani zilizopauka, Kingo zisizo na jalada, na Tintin za Kifaransa ambazo sielewi neno hata moja na bado nacheka. Muuzaji mmoja kashanizoea. Akiniona tu anasema "karatasi zako zimekuja," halafu anapandisha bei, maana anajua siwezi kuondoka.

Lakini chanzo changu kikubwa, msicheke, ni maandazi. Mama anayeuza nyuma ya bweni letu huyafunga kwa magazeti ya zamani, nami humwomba anifungie kwa ukurasa wenye katuni. Tatizo, unapata visanduku vitatu, cha nne kimekwenda na mteja mwingine au kimelowa mafuta hadi hakisomeki. Basi natembea kwenda darasani huku nikijitungia mwisho. Nimeshatunga miisho mingi kuliko insha zote nilizoandika hapa chuoni, na mingine ilikuwa mizuri kuliko insha.

Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi. Mchana ananiita mtoto. Usiku akidhani nimelala anawasha tochi ya simu na kuchukua Sani kwenye rafu yangu. Simsemi.

Sasa tukubaliane jambo moja kabla ya kuendelea. Kusoma kibonzo si "kuangalia picha". Kisanduku cha kwanza, baba kainua mkono. Kisanduku cha pili, mtoto analia na sahani iko chini vipande vipande. Hakuna mtu aliyechora kofi. Kofi umelipiga wewe msomaji, ndani ya ule mstari mweupe kati ya visanduku viwili. Mmarekani Scott McCloud alilieleza vizuri jambo hili katika Understanding Comics, kitabu cha mwaka 1993 ambacho chenyewe ni kibonzo mwanzo mwisho: mchoraji anatoa vipande, msomaji ndiye anayeviunga. Na ili uviunge lazima ujue mambo. Huwezi kumcheka Ndumilakuwili kama hujawahi kukutana na mtu wa maneno mawili, wala Lodi Lofa kama hujamwona bwana anayejidai tajiri na mfuko umetoboka.

Wazee wetu walilijua hilo bila McCloud. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru aliwachekesha na kuwauma watu enzi za Ujamaa. Miaka ya 1980 wakaja Sani, jina lililotokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo. Humo alichora Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 na bado watu wanamtaja kama wanavyowataja wanamuziki wakubwa. Wasomaji wa vitu vile walikuwa makuli, makarani, wanafunzi, walimu, na sijasikia kwamba waliugua upumbavu.

Lakini shuleni, jamani. Shuleni tulikuwa na makabila mawili tu, vipanga na vilaza. Kipanga ni yule anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha. Kilaza ni sisi wengine, na kilaza akikutwa na kibonzo chini ya dawati basi ushahidi umekamilika. Neno hilo nilidhani ni letu la bwenini hadi mwaka 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliporudishwa nyumbani kutoka UDOM, na neno kilaza likatoka bwenini na kuingia kwenye hotuba za viongozi. Watu wakacheka. Mimi nilikumbuka tu jinsi neno lile linavyokaa mgongoni mwa mtu. Ukishabandikwa hulibandui, hata ukifaulu wanasema umebahatisha.

Muhula uliopita tukafika mada ya upimaji wa akili. Nikakaa mbele, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mwaka 1905 kule Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa ziada shuleni. Msaada, narudia. Kilipovuka bahari kwenda Marekani kikageuzwa cha kumwambia mtu daraja lake duniani. Mwaka 1917 jeshi la huko likatunga mtihani wa picha kwa makuruta wasiojua kusoma Kiingereza, wengi wao wahamiaji. Picha ina kitu kimepungua, wewe ukijazie. Picha mojawapo ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu. Mkulima aliyetoka kijijini Italia na meli yake, tenisi kaiona wapi? Akikosa, hana akili.

Halafu mwalimu akafika kwa David Wechsler, na hapo nikakaa wima kabisa. Mwaka 1939 Wechsler alitoa kipimo chake maarufu, na miongoni mwa majaribio yake kulikuwa na lile la kupanga picha. Unapewa kadi zenye picha zilizovurugwa, unazipanga ziwe hadithi, huku saa inakwenda. Ukipenda kusema kweli, ni kibonzo kilichokatwa kwa mkasi. Tena baadhi ya picha za toleo lile la kwanza zilitoka kwenye vibonzo halisi, The Little King vya Otto Soglow, vilivyokuwa vikitoka katika jarida la The New Yorker. Jaribio hilo lilidumu miongo mingi, kwa watoto na kwa watu wazima. Liliondolewa kwenye toleo la watoto la mwaka 2003 na la watu wazima la mwaka 2008.

Hebu fikirini. Miaka yote ambayo mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa akininyang'anya vibonzo ili nipate akili, mahali fulani kulikuwa na daktari wa saikolojia anamwekea mtoto vibonzo mezani ili aipime hiyo hiyo akili.

Nilitoka pale nikitaka kumbeba mtu begani. Jioni nikawatangazia washikaji kwenye kimbweta: sisi wasoma vibonzo ndio vipanga wa kweli, sayansi imethibitisha! Wakashangilia. Mmoja tu akauliza, "Kwa hiyo asiyewahi kusoma kibonzo ni mjinga?" Swali lile lilinikaa kichwani hadi likizo.

Likizo nilikwenda kwa bibi yangu, Muheza. Bibi hajui kusoma. Ila ukimkopa shilingi mia tano mwaka huu, miaka sita baadaye atakuambia siku uliyokopa, nguo uliyovaa na uongo uliosema. Anajua mwembe upi wa jirani utaangusha maembe mapema, na ndoa ipi itavunjika kabla ya mavuno. Nikamwonyesha kibonzo changu cha visanduku vinne: mtu kaamka, kapiga mswaki, kakimbilia daladala, daladala imemwacha. Akakishika mbali kidogo na macho, akakitazama kwa makini kweli kweli.

"Hawa ndugu wanne, mume wangu, mbona wanafanana hivi? Ni mapacha?"

Nikamwambia, bibi, ni mtu mmoja. Akanitazama kwa huruma. "Mtu mmoja, kachorwa mara nne? Kwani huyo fundi alimkosea mara tatu za mwanzo?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Baadaye nikaona kwamba bibi ana hoja. Kwamba yule wa kisanduku cha kwanza na wa kisanduku cha nne ni mtu yule yule, na kwamba kusogea upande wa kulia maana yake ni muda kupita, hayo hakuna aliyezaliwa nayo. Tumejifunza, kama tulivyojifunza a e i o u, ila tulijifunza wadogo mno hadi tumesahau. Mtafiti Neil Cohn, ambaye kazi yake yote ni kuchunguza jinsi watu wanavyoelewa vibonzo, ameandika hayo hayo: watu ambao hawajakua na picha za namna hii huona kila picha peke yake, na huyo huyo mtu wanamhesabu mara nyingi. Ni lugha, na lugha anaijua aliyeizoea.

Kwa hiyo Wechsler alikuwa akipima nini kwa kadi zake? Kwa sehemu fulani, bila shaka, alikuwa anapima nani amekua nyumba yenye magazeti. Bibi yangu angepata sifuri. Mimi ningepata zote na dakika zikabaki. Na kama kuna mtu anataka kuniambia kwamba mimi nina akili kuliko bibi yangu, aje Muheza amuuzie bibi kuku, tuone nani ataondoka na hela.

Ndiyo maana ule ushindi wangu wa kimbweta nimeuacha. Sitaki tena kusema wasoma vibonzo ni vipanga. Ninachotaka ni kuuliza nani amepewa ile rula, na anapima kitambaa gani. Na ule msemo wa akili ni nywele siutaki hapa, maana wenye vipara watauliza.

Jirani zetu wamechunguzwa kwenye jambo hili na majibu yake matamu. Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha utafiti wake kutoka Uganda kuhusu maana ya akili kwa Waganda. Wanavijiji waliihusisha akili na mwendo wa taratibu, uangalifu, kutopaparika. Wasomi wa Makerere waliihusisha na wepesi. Watu wa nchi moja, lugha moja, shule ikapita katikati! Kwa Wajaluo wa Kenya watafiti walikuta akili haina neno moja. Kuna rieko, maarifa na ustadi. Kuna luoro, heshima. Kuna winjo, kuelewa jinsi ya kukabili mambo ya maisha. Na paro, kufikiri na kuanzisha jambo. Shule, kwa sehemu kubwa, inatoa maksi kwa lile la kwanza tu. Jiulizeni kwa Kiswahili chetu pia. Tukisema "huyu mtoto ana akili", mara nyingi tuna maana kwamba ametumwa dukani na kurudi na chenji kamili, au amemwona mgeni akampisha kiti. Hatuna maana ya hesabu za mafumbo. Ni chumba cha mtihani tu ndicho kinachobadilisha maana.

Na kuna ile ya Bagamoyo, ambayo ningependa kila mhadhiri aibandike mlangoni. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watoto wa shule za vijijini maeneo yale. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri, wakafundishwa kwa muda usiofika hata saa moja jinsi majaribio ya namna ile yanavyofanywa, kisha wakapewa tena. Alama zikapanda, tena si kwa wote sawasawa, kwa hiyo aliyekuwa nyuma mara ya kwanza si lazima awe nyuma mara ya pili. Chini ya saa moja! Kipindi kimoja cha mchana. Sasa yule aliyeitwa kilaza saa tatu asubuhi, saa sita mchana tumwiteje?

Nisiseme uongo, kuna mambo lazima yapimwe. Sitaki daktari wa kunipasua awe amefaulu kwa sababu ana luoro nyingi. Ila kupima kama mtu anajua kitu ni jambo moja, na kumwambia mtu ukubwa wa akili yake ni jambo lingine, na hapa chuoni tunayachanganya kila matokeo yakibandikwa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu ya jamaa yangu mmoja, simtaji jina, mnamjua. Jamaa anachora. Kozi ya ukuaji wa mtoto ilipotushinda, yeye alichukua nadharia ya Piaget, ile ya kumimina maji kutoka glasi fupi kwenda glasi ndefu na kumwuliza mtoto wapi kuna maji mengi, akaigeuza kibonzo. Mtoto kichwa kikubwa, kaptula imepasuka. Kisanduku cha nne mtoto anamjibu mtafiti: "Mzee, maji ni yale yale, kwani una kiu?" Kurasa kumi na mbili za namna hiyo, nadharia zote za muhula. Tulitoa kopi, zikazagaa mabweni yote. Najua watu wenye A ambao desa lao lilikuwa lile.

Yeye mwenyewe amepata sapu. Kwenye kozi ile ile. Mtihani ulikuwa insha tatu kwa saa tatu, na jamaa anaandika polepole kama mtu anayechonga mti. Alijibu moja na nusu. Na waliokuja kumcheka chumbani kwake, nimewaona kwa macho yangu, mmoja alikuwa ameishika kopi ya Piaget mkononi. "Kilaza anachora tu huyu."

Sasa anasema anaacha chuo. Hoja yake ni Gado. Godfrey Mwampembwa alikuwa akisoma usanifu majengo pale Ardhi, na mwaka 1992 akaondoka kwenda Nairobi kuchora katika gazeti la Nation, leo Afrika nzima inamjua. "Gado naye aliacha," anasema, na akisema hivyo anajisikia vizuri kwa muda wa dakika kumi. Nilimwambia hivi: Gado aliondoka kwa sababu kuna mlango ulifunguliwa mbele yake. Wewe unaondoka kwa sababu kuna mtu kakutukana nyuma yako. Akaninunia siku mbili.

Halafu kuna hili la Masoud Kipanya. Miaka na miaka yule kipanya wake pembeni ya katuni anasema kwa maneno manne kitu ambacho mhariri anakihitaji ukurasa mzima, na watu husema "anachekesha". Machi 2022 jamaa akazindua gari dogo la umeme alilolitengeneza hapa Dar. Hapo ndipo bwenini kwetu nikasikia, "Kumbe Kipanya ana akili!" Kumbe? Nilikaribia kumwaga uji. Yaani kuibana nchi nzima kwenye kisanduku kimoja, kila siku, na asubuhi ifuatayo tena, hiyo haikuhesabika? Mpaka kiwe na magurudumu?

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo na wala si la kimapinduzi. Kwenye kozi inayoruhusu, swali moja kati ya manne mwacheni mtu ajibu kwa mchoro wenye maelezo. Asiyejua hataweza kuchora, niaminini. Jaribuni kuchora nadharia ambayo hamkuielewa. Karatasi itakusaliti kuliko insha, kwa sababu kwenye insha unaweza kujificha nyuma ya "aidha" na "vilevile" kwa kurasa mbili na mtu akakupa saba. Na kwa wanafunzi wenzangu, lile neno acheni kumwita nalo mtu ambaye desa lake mmelala nalo.

Sapu ni mwezi wa tisa. Tumekubaliana, baada ya kuninunia, kwamba kila jioni anachora jibu kwanza halafu anaandika insha kwa kukifuata kibonzo chake mwenyewe, kisanduku kimoja aya moja, na mimi nashika saa. Mara ya kwanza alitumia saa mbili kwa insha moja. Jana ilikuwa saa moja na dakika kumi. Inatakiwa tufike dakika hamsini na tano. Mdau mwenye mitihani ya miaka ya nyuma ya kozi ile atuletee, tupo kimbweta cha pili kutoka kafeteria, kuanzia saa kumi na moja jioni. Vibonzo vya kuazima vipo, ila Sani mtazisomea hapo hapo.